Arobaini Isiyokwisha

Habari hii nimeiahirisha mara tatu. Mengine yote ya maisha yangu nimeyaandika bila kusita: ualimu, uhamisho, ugomvi wangu na kamati za shule, hata aibu ya kufeli mtihani wangu wa kwanza. Lakini hii ni habari ya tumbo la mke wangu, na mwanamume wa umri wangu, tena Msukuma, hakulelewa kuzungumza mambo ya namna hiyo mbele za watu. Mwishoni nilimwomba ruhusa mwenyewe. Alinyamaza kidogo, akaendelea kupepeta mchele, kisha akasema, "Andika, Mwalimu, lakini usiipambe." Nitajitahidi.

Mapema mwezi wa Januari mwaka 1980 mke wangu alijifungua mapacha nyumbani kwetu Kharumwa. Wakati huo Kharumwa ilikuwa katika Wilaya ya Geita, Mkoa wa Mwanza. Haikuwa makao makuu ya wilaya kama ilivyo leo, maana Nyang'hwale ilifanywa wilaya mwaka 2012, mwaka uleule Geita ilipokuwa mkoa. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu kijana wa miaka thelathini, niliyetoka Chuo cha Ualimu Butimba, na shule yangu ilikuwa imefurika watoto kwa sababu ya mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulioanza 1977. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na madukani hapakuwa na kitu. Mche wa sabuni ukipatikana tuliukata kwa uzi vipande vyembamba, na kila kipande kilikuwa na kazi yake. Naitaja sabuni kwa makusudi, maana itarudi mbele.

Kwa mila zetu, pacha wa kwanza akaitwa Kulwa na wa pili Doto. Walikuwa watoto wetu wa nne na wa tano. Aliyewapokea alikuwa bibi mmoja jirani ambaye mikono yake ilikuwa imepokea sehemu kubwa ya watoto niliokuwa nikiwafundisha. Simlaumu, alifanya yote aliyoyajua na hakuomba hata shilingi. Watoto walilia, kondo la nyuma likatoka, damu ikapungua, na kabla jua halijachomoza kondo lilikuwa limekwisha zikwa nyuma ya nyumba kama desturi inavyotaka. Hakuna mtu aliyelifunua na kulitazama. Siku hizi najua kwamba mkunga wa hospitali hulitandaza kondo juu ya sinia na kulikagua pande kwa pande, kama mtu anayeunganisha vigae vya chungu kilichovunjika ili aone kama kuna kigae kinachokosekana. Kigae kikikosekana, kimebaki ndani. Sisi ushahidi wetu tuliuzika.

Hapa sina budi kueleza kidogo jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua wakati ule, ingawa nilikuwa na cheti cha ualimu na nilifundisha sayansi darasa la saba.

Wazee wetu wa Kiswahili wana neno zuri: mji wa mimba. Mimba ina mji wake. Katika miezi tisa mji huo hupanuka kutoka kitu kidogo kinachotosha kiganjani hadi kufika chini ya kifua. Mtoto akisha kuzaliwa mkazi amehama, na mji hauna budi kurudi kuwa kijiji. (Sisi tuliohamishwa katika Operesheni Vijiji mwaka 1974 twajua kwamba kuhama ni kazi ya siku moja, ila kutulia huchukua muda.) Mara baada ya kujifungua, mji wa mimba peke yake, mtoto na kondo vikiwa vimetoka, huwa na uzito wa karibu kilo moja, na ncha yake ya juu huguswa karibu na kitovu. Kila siku hushuka kiasi cha upana wa kidole kimoja. Mwisho wa juma la kwanza umebaki kama nusu kilo. Kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne umejificha nyuma ya mfupa wa kinena, na mkono ukibonyeza tumbo haupaswi kuugusa tena. Juma la sita likitimia una gramu sitini hivi, au zaidi kidogo kwa aliyezaa mara nyingi. Yaani kilo moja ya sukari imekuwa yai la kuku, bila kisu wala dawa. Misuli yenyewe hunywea, na kile kisichohitajika mwili hukiyeyusha na kukitoa.

Kazi hiyo ina sababu yake. Pale kondo lilipokuwa limeshikamana hubaki kidonda cha upana wa kiganja, na mishipa ya damu iko wazi. Nyuzi za misuli ya mji wa mimba zimesukwa kwa kupishana, na zinapojikaza huibana mishipa hiyo kama vidole vinavyobana mdomo wa gunia. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama hutoa kichocheo kinachoongeza mkazo huo. Ndiyo maana mama hushikwa na maumivu tumboni wakati wa kunyonyesha, hasa akiwa na uzazi wa tatu au wa nne. Watu husema ni chango na kumtafutia dawa, kumbe kijiji kinarudi mahali pake.

Lakini kuna nyakati ambapo mji wa mimba hukawia kurudi. Kipande cha kondo kikibaki ndani hauwezi kujikaza sawasawa, kama ngumi isivyoweza kufumba ikiwa imeshika jiwe. Vijidudu vikiingia, misuli hulegea. Mimba ya mapacha ikiwa imeutanua kupita kawaida, au ikiwa ndani kuna uvimbe, au kibofu cha mkojo kikiwa kimejaa daima na kuusukuma juu, huchelewa. Na dalili zake ni za aina ambayo mwanamke huificha. Damu ya nifasi hutazamiwa kuwa nyekundu siku tatu nne, kisha hudhurungi, kisha nyeupe ya manjano, halafu ikome. Huyu yake hubaki nyekundu, au ikisha kufifia hurudia wekundu wake katika juma la pili au la tatu. Hutoa harufu mbaya. Tumbo la chini huuma na kuwa zito, na homa huja jioni.

Haya yote yalimpata mke wangu, na hakuna hata moja nililoliona.

Neno arobaini sisi watu wa bara tumeliazima kutoka pwani, na mambo yake yanayoandamana nalo tumeyachukua nusunusu. Pwani mzazi hufungwa mkaja tumboni, hupewa uji wa pilipili manga, hukandwa maji ya moto, na hatakiwi kufanya kazi hadi arobaini itimie. Uzito wa jambo hilo unaonekana hata katika mahari, ambamo mama wa bibi arusi hupewa fungu linaloitwa mkaja, kama ukumbusho wa kitambaa alichojifunga alipomzaa binti yule. Mkaja haubani mji wa mimba, kazi hiyo hufanywa na misuli tu, na maji ya moto hayatoi kipande cha kondo kilichobaki. Maji yale yamepata kuwaunguza wengi. Hata hivyo zile siku arobaini zenyewe zilikuwa hekima kubwa, kwa sababu zilimweka mwanamke mahali ambapo watu wazima wenye uzoefu wanamtazama kila siku. Sisi Kharumwa tulichukua hesabu ya siku tukaacha wale watazamaji. Katika msimu wa kupalilia pamba, hata hesabu yenyewe tuliipunguza.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri na magugu yalikuwa mazuri zaidi. Nilikuwa na ekari mbili za pamba, na mwalimu mkuu mwenye shamba la majani alichekwa na kijiji kizima, kwani ndiye aliyetakiwa kuwa mfano. Siku ya kumi na nne mke wangu alikuwa amelala mchana. Nilirudi shuleni nimechoka, nikasimama mlangoni, nikasema maneno haya ambayo nimeyasikia kila mwaka tangu wakati ule: "Wenzako huamka siku ya saba." Sikusema kwa hasira. Ilikuwa mzaha nusu, lakini nusu ya pili ilikuwa na jembe ndani yake. Siku ya kumi na sita alikwenda shambani, Kulwa mgongoni, Doto akiwa amelazwa kivulini na dada yake.

Katika daftari la ofisini kwangu nilikuwa nikiidhinisha likizo za uzazi za walimu wa kike, na nilikuwa mkali kwa mtu yeyote aliyetaka kumwita mwalimu kazini kabla ya siku zake. Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyejifungua siku 84, na akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja, siku 100. Ya mke wangu yangekuwa siku 100. Lakini mkulima hana daftari, na mtu pekee ambaye angeweza kumwidhinishia likizo yake ndiye aliyesimama mlangoni.

Jioni ile ile damu ilirudi. Hakuniambia. Siku ya kumi na nane alikwenda kwa miguu hadi zahanati moja, ambayo siitaji kwa kuwa waliokuwapo wengi wamekwisha tangulia mbele ya haki. Akaambiwa ni kawaida, damu chafu haina budi kutoka, akapewa vidonge vya maumivu. Hakuna aliyemlaza na kumgusa tumbo. Aliporudi aliniambia, "Wamesema ni kawaida," nami nikashukuru, nikarudi kwenye andalio la somo langu. Neno "kawaida" ni kama blanketi, humtosha kila mtu isipokuwa yule mwenye baridi.

Siku ya ishirini na nne niliinama chini ya kitanda kutafuta sanduku la chaki. (Chaki nilizihifadhi nyumbani, maana shuleni ziliibwa.) Nyuma ya sanduku mkono wangu ukakuta kamba, na juu ya kamba vitambaa, vipande vya kanga kuukuu, vimeanikwa gizani. Vilikuwa havijakauka. Vilikuwa vimefuliwa kwa maji matupu, kwa kuwa kile kipande cha sabuni cha wiki kilikuwa kimetengwa kwa ajili ya shati langu la shule. Havikuanikwa juani kwa sababu mwanamke mwenye heshima haaniki vitu hivyo mbele ya wapita njia. Basi alikuwa akivivaa hivyohivyo, vibichi. Harufu niliyoisikia pale sitaieleza. Kila Jumatatu asubuhi nilikuwa nikipanga watoto mstari na kukagua kucha, nywele na kola zao.

Nilimwita. Alipoona nimeshika nini, alikaa chini akajifunika uso. Tuna methali isemayo mficha uchi hazai, na wanawake wetu huitii siku ya uchungu: humwachia mkunga kila kitu. Lakini methali ile huishia mlangoni. Mtoto akisha kutoka, mama hurudishiwa nguo na kutakiwa afiche tena, na hicho anachokificha sasa kinaweza kumuua kuliko kile alichokifunua. Usiku huo homa ilipanda hadi akaniita kwa jina la kaka yake. Alfajiri damu ikamwagika kwa mabonge.

Petroli haikuwapo. Tulimlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe, juu ya magodoro mawili, shemeji yangu akiwaongoza ng'ombe, mimi nikisukuma nyuma kwenye tope, mama mkwe akiwa na pacha mmoja kila upande. Busolwa tukafika mchana. Hapo Mungu alituletea lori lililobeba mbao, na dereva wake alipochungulia ndani ya mkokoteni hakuuliza nauli. Usiku tukaingia hospitali ya Sengerema.

Daktari aliosha mikono kwanza, kwa muda mrefu, hata nikaona anachelewesha. Baadaye sana nilisoma habari za Semmelweis, yule daktari wa Vienna ambaye mwaka 1847 aliwalazimisha wenzake kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi. Vifo vya homa ya uzazi vilishuka mno katika wodi yake, na wakubwa wengi wa taaluma yake hawakumsadiki hadi alipokufa. Nikamkumbuka huyu wa Sengerema kwenye karai lake, nikajilaumu kwa haraka yangu.

Alimwambia mke wangu akojoe kwanza. Kisha akaweka mkono tumboni, akabonyeza polepole, akaniita. Nilisita, nikidhani napaswa kutoka nje. "Mwalimu, njoo," akasema, akaushika mkono wangu akauweka pale. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu cha mviringo, laini kuliko nilivyotazamia, vidole vinne juu ya mfupa. "Leo siku ya ngapi?" Nikasema ya ishirini na tano. "Basi hiki kilitakiwa kuwa kimetoweka siku kumi zilizopita." Hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kunifundisha jambo hilo. Nilikuwa baba wa watoto watano.

Walimsafisha, na kweli kulikuwa na kipande cha kondo, kimeoza. Akapewa penisilini, na dawa ya ergometrini ya kuukaza mji wa mimba. Dawa hiyo ina historia ya kupendeza. Asili yake ni kuvu inayoota juu ya nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai. Wakunga wa vijijini Ulaya walikuwa wakiitumia kwa karne nyingi, mara nyingine ikiokoa na mara nyingine ikiua, kwa maana hawakuwa na kipimo. Mwaka 1935 Dudley na Moir, watafiti wawili wa Uingereza, walitangaza kwamba wamekipata ndani yake kile kitu chenyewe kinachofanya kazi. Kwa hiyo mtu akiwacheka bibi zetu kwa mizizi yao, mimi simuungi mkono. Mizizi haikosi nguvu, ila haina mizani, na mwanamke anayemwaga damu si mahali pa kukisia.

Damu alipewa chupa mbili, moja yangu na moja ya shemeji. Alikaa wodini siku kumi na moja. Muuguzi mmoja mkali, Mungu amweke pema, alimlazimisha kunyonyesha hata alipokuwa hawezi kuinua kichwa. Alimshikia Kulwa titi moja na Doto la pili, akisema kwamba hawa wawili ndio wauguzi wake wa zamu ya usiku. Kabla ya kutoka alimfundisha mke wangu kujigusa tumbo mwenyewe, hesabu ya vidole na siku, pamoja na rangi za nifasi na maana yake. Mke wangu, aliyeishia darasa la nne, alilikariri somo lile mara moja tu.

Katika mila zetu mtoto anayefuata mapacha huitwa Shija. Kwetu Shija hakuja. Maambukizo na kusafishwa huweza kuacha makovu ndani ya mji wa mimba. Kama ndivyo ilivyokuwa kwake, hakuna aliyempima. Miaka mingi watu wakitutembelea na kuwakuta Kulwa na Doto wakicheza uani waliuliza kwa wema kabisa, "Na Shija yu wapi?" Mke wangu alijibu, "Yuko njiani." Mimi nilikuwa nikiinuka kwenda kutazama ng'ombe.

Nataka nijieleze vizuri hapa, nisije nikaonekana najitia hatia ili nisifiwe kwa unyenyekevu. Jembe silo lililobakiza kipande cha kondo ndani. Hata angelala arobaini nzima, kipande kile kingekuwapo na kingeoza. Lakini maneno yangu pale mlangoni yalimwambia kwamba kulala ni uvivu na kulalamika ni deko, naye akanisadiki kwa siku kumi. Siku hizo kumi ndizo zangu.

Dunia imekwenda mbele. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulikuwa umekadiria 556. Akina mama wengi hapa kwetu sasa hujifungulia mikononi mwa wahudumu, na hilo ni jambo kubwa. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mzazi aonwe siku ya kwanza, tena kati ya siku ya pili na ya tatu, tena kati ya juma la kwanza na la pili, na tena juma la sita. Ninapokaa chini ya mwembe nikiwatazama wanavyokwenda na kurudi kliniki, naona mtoto anavuliwa, anapimwa, anadungwa sindano, anaandikwa kwenye kadi. Mama anaulizwa, "Mtoto anaendeleaje?" Anajibu, "Vizuri," anafunga kanga yake, anaondoka. Kadi ina jina lake juu kabisa, lakini nadra sana mkono kumgusa tumbo.

Mwaka 2023 tulikuwa na mpangaji katika vyumba vyetu vya uani, binti wa miaka kama ishirini. Mume wake alikuwa machimboni. Katika mkoa wetu dhahabu ndiyo pamba ya siku hizi, na vijana huondoka wiki sita au miezi mitatu, wakirudi na fedha au na madeni. Yeye mwenyewe alikuwa akiponda mawe karibu na karasha moja. Alijifungua salama kwenye kituo, akarudi siku ya pili, na siku ya kumi na mbili nikamwona anafunga mtoto mgongoni na kuchukua nyundo yake.

Nilitaka kusema neno. Mimi ni babu kwake, na babu na mjukuu wana utani wao, lakini utani una mipaka. Nikamwambia mke wangu. Alinitazama kwa namna ambayo sikuweza kuisoma, akasema, "Kumbe sasa unaona," akaendelea na kazi yake. Lakini jioni ya siku ya ishirini nilimsikia akigonga mlango wa binti yule. Kuta za vyumba vya uani ni nyembamba. Nilimsikia akisema, "Mayu, nenda ukojoe kwanza, kisha ulale chali." Kimya. Kisha: "Damu ni nyekundu?" Sikusikia jibu. Kisha sauti ya mke wangu, imebadilika: "Bado liko hapa. Vidole vitatu. Na mwili wako ni moto."

Bodaboda ilikuja baada ya dakika kumi. Nilikumbuka ule mkokoteni, nikaona haya kwa jinsi nilivyopata kuzilalamikia pikipiki hizi kwa kelele zake. Hospitali wakampima kwa ultrasaundi, ndani hapakuwa na kipande chochote, bali maambukizo tu. Dawa za kuua vijidudu, dawa ya kuukaza mji wa mimba, siku nne kitandani, akarudi. Laiti angengoja juma moja zaidi kwa kuambiwa ni kawaida, sijui ningekuwa naandika nini.

Mume wake alifika wiki iliyofuata, amepanda magari mawili usiku kucha. Alinikuta barazani. "Babu, nimeambiwa tumbo lilikataa kurudi. Ndiyo nini hiyo?" Nikaingia ndani nikaleta paketi ya kilo moja ya sukari na yai, nikaviweka mikononi mwake, kimoja huku na kingine huku. Nikamwambia hiki hadi hiki, kwa majuma sita. Alivipima kwa muda mrefu kama mtu anayepima mchanga wa dhahabu. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuliuliza katika miaka yote ile ya kwanza ya ndoa: "Na nani anakagua kama linapungua?"

Nikamwita mke wangu aje amjibu.

Jana usiku nimemsomea yote haya, polepole, kwa kuwa macho yake hayasomi tena. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nilipofunga daftari aliuliza kama nimeandika ile siku ya kumi na sita, siku aliyokwenda shambani. Nikasema nimeandika. "Umeandika mistari mingapi nilipalilia?" Nikasema sikumbuki, sikuwapo, nilikuwa shuleni.

"Minane," akasema. "Iandike."

Mistari minane.